Kodi ya Mgeni Si Mapato Yako

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wenyeji wanaopangisha nyumba na vyumba kwa muda mfupi. Wengi walikosa nafasi ya kufika na wakaomba waisome, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema.

Ndugu mwenyekiti, ndugu zangu wenyeji, nawasalimu nyote.

Naomba nianze na swali, nanyi mnijibu kwa kunyoosha mikono. Nani hapa anapata wageni kupitia jukwaa la mtandaoni? Naona karibu ukumbi mzima. Asanteni, shusheni. Swali la pili: nani anaweza kuniambia sasa hivi, bila kufungua simu, ni kodi zipi jukwaa lake linamkata mgeni, na ni zipi halimkati?

Mikono imepungua sana, na hilo ndilo lililonileta hapa. Sikuja kumtisha mtu. Nimekuja kwa sababu kila ninapokutana na wenyeji nasikia maneno yale yale: "Kodi? Hiyo jukwaa linalipa." Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu iliyobaki ndiyo inayowaingiza watu waaminifu kwenye madeni, tena madeni ya kodi ambayo wangeweza kumtoza mgeni bila shida yoyote kama wangejua mapema.

Tuanze na kodi yenyewe. Mahali pengi duniani, mtu anayelala siku chache kwenye nyumba isiyo yake hutozwa kodi juu ya malazi hayo. Pengine huitwa kodi ya malazi, pengine kodi ya hoteli, kodi ya kitanda, au tozo ya utalii. Si kitu kilichobuniwa jana kwa ajili ya kuwabana ninyi. Ufaransa iliruhusu miji yake ya mapumziko kutoza kodi ya wageni kwa sheria ya mwaka 1910. Jiji la New York lilianza kutoza kodi ya vyumba vya hoteli mwaka 1946. San Francisco ilianza mwaka 1961, na tangu mwanzo sehemu ya fedha hizo ilipelekwa kusaidia wasanii na vikundi vya muziki na maonyesho vya jiji hilo. Kwa hiyo kodi hii ilikuwepo miaka mingi kabla ya intaneti. Kilichobadilika ni watu wanaolaza wageni. Zamani walikuwa wenye hoteli, wana wahasibu na wana idara nzima ya hesabu. Leo ni wewe, una chumba kimoja na simu moja.

Na fedha yenyewe ni ya nani? Hapo ndipo naomba tutulie kidogo.

Kwa kawaida kodi hii ina pande tatu. Anayelipa ni mgeni. Anayepokea na kuiwasilisha ni mwenyeji. Mwenye fedha ni serikali, iwe ya mji, ya jimbo au ya taifa. Mwenyeji yuko katikati. Ni kama kondakta wa basi: nauli imejaa mkononi mwake tangu asubuhi, lakini hakuna anayedhani noti zile ni zake. Zipo sehemu ambako sheria imeandikwa kwa namna nyingine. Hawaii, kwa mfano, inamtoza mwenyeji mwenyewe kisha inamruhusu aihamishie kodi hiyo kwa mgeni. Hata huko, anayeulizwa siku ya mwisho ni mwenyeji.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu fedha ya kodi ikishaingia kwenye akaunti ile ile unayonunulia mashuka na kulipia umeme, macho huiona kuwa ni mapato. Unaitumia bila nia mbaya. Mwisho wa robo mwaka unadaiwa kiasi ambacho tayari kimekuwa godoro jipya. Katika majimbo mengi ya Marekani, kodi iliyokusanywa kutoka kwa mgeni huhesabiwa kuwa amana ya serikali, na aliyeikusanya akashindwa kuiwasilisha anaweza kudaiwa yeye binafsi hata kama biashara imeandikishwa kwa jina la kampuni. Binafsi! Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: fungua akaunti ya pembeni kwa ajili ya kodi. Siku malipo ya mgeni yanapoingia, sehemu ya kodi ihamie huko siku hiyo hiyo. Usingoje mwisho wa mwezi.

Kabla sijasonga mbele, naomba tutenganishe kodi zinazochanganywa. Kodi ya malazi ni ya mgeni. Kodi ya mapato ni yako wewe, juu ya faida yako. Kisha kuna kodi ya ongezeko la thamani au ya mauzo, ambayo nchi nyingine huitoza juu ya malazi na nyingine huwasamehe wenye biashara ndogo. Ni kodi tatu. Kulipa moja hakukuondolei nyingine.

Mnaikumbuka habari ya Italia? Mwaka 2017 nchi hiyo ilitunga sheria inayoyataka majukwaa yanayopokea malipo ya wageni kuzuia asilimia 21 ya malipo ya pango na kuiwasilisha serikalini kwa niaba ya mwenyeji. Airbnb, moja ya majukwaa hayo, ilipinga, kesi ikafika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, na Desemba 2022 mahakama ikasema kanuni hiyo ya kuzuia kodi haipingani na sheria za Umoja. Desemba 2023 kampuni ikakubali kulipa euro milioni 576 kumaliza madai ya miaka ya 2017 hadi 2021. Wenyeji wengi waliposoma habari hizo walidhani zinahusu kodi ya malazi. Hazikuihusu. Ile asilimia 21 ni kodi ya mapato ya mwenyeji, iliyozuiwa njiani. Kodi ya wageni inayotozwa na miji ya Italia ni kitu kingine kabisa. Ukiona kwenye taarifa yako ya malipo neno "kodi" na namba mbele yake, usipite haraka. Uliza: kodi ipi?

Kodi ipi? Ningependa mtoke na swali hilo midomoni.

Sasa tuje kwenye majukwaa, maana hapa ndipo penye mambo.

Oktoba 2007, vijana wawili waliokuwa wameishiwa pesa ya pango huko San Francisco, Brian Chesky na Joe Gebbia, walitandika magodoro ya kujazwa upepo kwenye nyumba yao na kuyapangisha kwa watu waliokuja mkutanoni na kukosa hoteli. Mwaka uliofuata walianzisha kampuni ya Airbnb pamoja na Nathan Blecharczyk. Fikirini jinsi jambo lilivyokuwa dogo! Nani angewaza kodi ya hoteli kwa ajili ya magodoro matatu sakafuni? Lakini sheria ya jiji haikusema "hoteli kubwa". Ilizungumzia mgeni anayekaa chini ya siku 30. Aprili 2012 ofisi ya mweka hazina wa San Francisco ilitoa msimamo ulio wazi: kodi ile ya asilimia 14 inawahusu pia wanaopangisha nyumba zao kwa muda mfupi, na tovuti inayopokea malipo nayo ina wajibu. Julai 2014, Portland katika jimbo la Oregon ukawa mji wa kwanza ambako Airbnb ilianza kukusanya kodi kwa niaba ya wenyeji. San Francisco ikafuata Oktoba mwaka huo huo, na Paris Oktoba 2015.

Naomba mlitazame pengo hilo. Kati ya Aprili 2012 na Oktoba 2014, kodi ilikuwa inadaiwa San Francisco na jukwaa lilikuwa halijaanza kuikusanya. Kuna miaka miwili na nusu hapo. Mwenyeji aliyesema "jukwaa litanipa taarifa" alikuwa anadaiwa kila usiku mgeni alipolala.

Jambo lenyewe liko hivi: jukwaa hukusanya kodi pale sheria inapolilazimisha, au pale lilipoingia mkataba na mamlaka husika. Lisipolazimishwa na lisipokuwa na mkataba, halikusanyi. Na hata linapokusanya, mkataba au sheria hiyo inaweza kugusa ngazi moja tu ya serikali na kuziacha nyingine.

Texas ni mfano mzuri. Jimbo linatoza asilimia 6 juu ya malazi. Juu ya hiyo, miji na baadhi ya wilaya hutoza kodi zao. Mwaka 2017 Airbnb ilianza kukusanya kodi ya jimbo. Mwenyeji akafungua risiti ya mgeni, akaona mstari ulioandikwa kodi ya malazi, akashusha pumzi. Lakini kwa miaka mingi baada ya hapo, katika miji mingi ya jimbo hilo, kodi ya mji iliendelea kuwa juu ya mwenyeji mwenyewe. Aliona kodi imekatwa, akadhani ni yote.

Tufanye hesabu. Chukulieni mama mwenye nyumba moja. Kwa mwaka mzima wageni wamemlipa 20,000, sarafu iwe yoyote. Kodi ya jimbo ni asilimia 6, ya mji ni asilimia 7. Jukwaa limekata ile asilimia 6, sawa na 1,200, na kuiwasilisha. Asilimia 7 ya mji ni 1,400, na hakuna aliyeikata. Mji ukimwandikia barua baada ya miaka mitatu, anadaiwa 4,200 kabla ya riba na faini. Atampata wapi mgeni aliyelala siku mbili miaka mitatu iliyopita? Atamwambia nini? Mgeni ameshaondoka. Kodi iliyotakiwa kulipwa na wageni themanini inalipwa na mama mmoja kutoka mfukoni mwake, kwa sababu tu mstari mmoja haukuongezwa kwenye bei. Hilo linaniuma kila ninapokutana nalo, maana mama huyo hakumdhulumu mtu. Wageni wake wangelipa bila neno, kama wanavyolipa hotelini.

Kuna tatizo la njia nyingi. Wengi wenu mna matangazo kwenye majukwaa mawili au matatu. Moja linakusanya kodi ya jimbo na ya mji, la pili linakusanya ya jimbo tu, la tatu halikusanyi chochote na linakuachia wewe. Kisha kuna mgeni aliyependa nyumba yako, safari ya pili akakupigia moja kwa moja. Huyo hana jukwaa lolote katikati. Kwa mgeni huyo, wewe ndiye hoteli. Bei, kodi, risiti, ritani (yaani fomu ya taarifa ya kodi unayowasilisha serikalini), vyote ni vyako.

Na lipo kosa la upande wa pili, nalo si dogo. Mwenyeji mwenye hofu anaongeza kodi kwenye bei yake, kumbe jukwaa nalo limeshaikata. Mgeni anatozwa mara mbili. Je, ile ya ziada ni zawadi kwa mwenyeji? Hapana. Fedha iliyotozwa kwa jina la kodi haiwi mapato: ama inarudi kwa mgeni, ama inakwenda kwa mamlaka ya kodi. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha bei, fungua ukurasa wa kodi ndani ya akaunti yako ya jukwaa, soma eneo lako kwa jina, andika kila kodi iliyotajwa na kiwango chake. Halafu chukua orodha ya kodi kutoka ofisi ya mji na ya jimbo. Weka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Kilichopo kwenye orodha ya serikali na hakipo kwenye orodha ya jukwaa, hicho ni chako.

Mtu ataniuliza: lakini sheria ikililazimisha jukwaa, si nipumzike? Sikilizeni habari ya kisiwa cha Oléron, Ufaransa. Nchini humo, tangu Januari 2019, jukwaa linalopokea malipo kwa niaba ya mwenyeji asiye mtaalamu linalazimika kukusanya kodi ya wageni. Hakuna utata. Hata hivyo umoja wa halmashauri za kisiwa hicho ulikwenda mahakamani ukisema kodi haikukusanywa ipasavyo, na mwaka 2025 mahakama ya rufaa ya Poitiers iliiamuru Airbnb ilipe zaidi ya euro milioni 8.6 kwa makosa ya miaka ya 2021 na 2022. Kampuni yenye mawakili na mafundi wa programu kila kona ya dunia! Mnaona basi kwa nini nawaambia mkague? Kukagua kwenyewe ni kazi ndogo: chukua buking tano za mwezi uliopita, tazama mgeni alitozwa nini, piga hesabu kwa kiwango halali, linganisha. Zikilingana, lala. Zisipolingana, waandikie jukwaa na uhifadhi jibu lao. Simu haitoshi. Andika.

Niguse hesabu yenyewe, kwa sababu kiwango peke yake hakikuambii kitu mpaka ujue kinapigwa juu ya nini.

Sehemu nyingine hutoza asilimia. Amsterdam inatoza asilimia 12.5 tangu Januari 2024. Berlin ilianza na asilimia 5 mwaka 2014, ikapanda hadi 7.5 Januari 2025. Sehemu nyingine hutoza kiasi maalumu kwa kila mtu kwa kila usiku. Kyoto ilipoanza Oktoba 2018 iliweka yen 200, 500 au 1,000 kulingana na bei ya malazi. Hapo idadi ya wageni ndiyo inayopanga kodi. Mgeni akibuku kwa watu wawili wakaja wanne, kodi imebadilika, hata kama hukupandisha bei ya nyumba.

Penye asilimia, swali ni: asilimia ya nini? Chukua usiku tatu kwa 100 kila mmoja, jumla 300, na ada ya usafi 50. Kodi ni asilimia 10. Ukiipiga juu ya malazi peke yake unapata 30. Ukiipiga juu ya malazi pamoja na usafi unapata 35. Sehemu nyingi, ada ambayo mgeni hawezi kuikwepa huhesabiwa kuwa ni sehemu ya bei ya malazi. Tofauti ya 5 inaonekana ndogo. Mara wageni themanini, ni 400 kwa mwaka. Na ukitangaza bei ya 110 ukasema kodi imo ndani, basi kodi ni 10, si 11. Unagawanya kwa 1.1 kwanza. Nimeona watu wakikosea hapo kwa kujipunja wenyewe.

Mnadhani ni wadogo tu wanaobishana juu ya msingi wa hesabu? San Antonio na miji mingine 172 ya Texas ilipigana mahakamani na kampuni za mtandaoni za kuuza vyumba, Hotels.com na wenzake, juu ya swali hilo hilo. Kampuni zilinunua vyumba kwa bei ya jumla, zikamuuzia mgeni kwa bei ya juu. Kodi ipigwe juu ya bei ipi? Kesi ilianza 2006. Miji ilishinda kwanza, kisha mwaka 2017 mahakama ya rufaa ikaibadili hukumu na kusema kodi inapigwa juu ya kile hoteli ilichopokea. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Marekani ikathibitisha kwamba miji ilipe gharama za upande wa pili za rufaa, zaidi ya dola milioni mbili. Miaka kumi na mitano, juu ya msingi wa asilimia! Wewe huna muda huo. Uliza ofisi ya kodi kwa maandishi ada zipi zinaingia, ukae na jibu lao.

Suala la muda wa kukaa nalipitia haraka, lakini msilidharau. Kila sheria ina mpaka ambapo mgeni anaacha kuwa mgeni na kuwa mpangaji. Majimbo mengi ya Marekani yameweka siku 30. Hawaii ni siku 180, Florida ni miezi sita. Mgeni wa wiki tatu akiongeza hadi siku 40, je, kodi aliyokwisha kulipa inarudi? Texas, kwa mfano, inataka mgeni awe ametoa taarifa ya maandishi mapema au awe na mkataba wa angalau siku 30. Asipofanya hivyo, analipa kodi ya zile siku 30 za mwanzo. Kwingine si hivyo. Soma kwako.

Ndugu zangu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii, daftari ndilo shahidi wako wa pekee.

Kuna wanaodhani kwamba kwa kuwa wana chumba kimoja, nani atawaona? Miaka kumi na mitano iliyopita ningesema pengine hakuna. Leo hali ni tofauti kabisa. Katika Umoja wa Ulaya, kuanzia mapato ya mwaka 2023, majukwaa yanapeleka kwa mamlaka za kodi jina la mwenyeji, namba yake ya mlipakodi, anwani ya nyumba, siku zilizopangishwa na kiasi alicholipwa. Taarifa za kwanza zilitakiwa kufika kufikia tarehe 31 Januari 2024. Mwaka 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja huo iliamua kwamba mkoa wa Brussels una haki ya kulitaka jukwaa litoe taarifa za wenyeji kwa ajili ya kodi ya watalii. Na kanuni nyingine ya Umoja, inayotumika kuanzia tarehe 20 Mei 2026, inaweka utaratibu wa namba za usajili na taarifa za malazi kupelekwa kwa mamlaka. Siwaelezi haya ili mwogope. Nawaeleza ili mjue kwamba ofisi ya kodi inaweza kuwa na namba zako kabla yako, na siku ikikuuliza, lazima namba zako ziwe tayari.

Daftari liwe na nini? Kwa kila mgeni: tarehe ya kuingia na kutoka, idadi ya watu, njia aliyokujia, bei ya malazi, ada nyingine, kodi iliyotozwa, nani aliikusanya, na tarehe iliyowasilishwa. Safu hiyo ya "nani aliikusanya" ndiyo wengi hawana. Bila hiyo huwezi kutenganisha kodi ya jukwaa na kodi yako, na mkaguzi atadhani yote ni yako. Pakua taarifa za jukwaa kila mwezi uzihifadhi mahali pako mwenyewe. Akaunti hufungwa, majukwaa hubadilika, na ukaguzi hurudi nyuma miaka kadhaa.

Na ritani? Sehemu nyingi mwenyeji aliyesajiliwa anatakiwa kuwasilisha ritani hata kipindi ambacho hakupata mgeni, au ambacho jukwaa lilikusanya kila kitu. Ritani ya sifuri. Wengi huiona ni karatasi isiyo na maana. Lakini ofisi isipoipata haijui kama hukuwa na wageni au umejificha, na mfumo wake huandika faini. Pengine inakubali kukuondolea wajibu huo ikiwa unapokea wageni kupitia majukwaa yanayokusanya tu. Uliza, pata jibu la maandishi, ndipo uache.

Naona baadhi yenu mnatazamana. Najua mnachojiuliza: vipi kama miaka iliyopita sikukusanya?

Nitawajibu bila kuzunguka. Dawa ya deni ni kulipa, na muda ni sehemu ya dawa hiyo. Katika majimbo mengi ya Marekani, muda wa ukomo wa madai ya kodi huanza kuhesabika siku ulipowasilisha ritani. Hukuwasilisha? Basi saa haijaanza kutembea, na mamlaka inaweza kurudi nyuma kadiri inavyotaka. Kwa upande mwingine, mamlaka nyingi zina utaratibu wa kujitokeza kwa hiari. Unakwenda mwenyewe, unaeleza, unalipa kodi ya miaka michache iliyokubaliwa pamoja na riba, na faini hupunguzwa au kufutwa. Sharti lake karibu kila mahali ni moja: uje kabla hawajakuandikia. Barua yao ikishatangulia kufika, mlango huo umefungwa.

Mpangilio wa kwenda ni huu. Kwanza kusanya taarifa za majukwaa yote kwa miaka yote, uondoe kodi ambayo walishaiwasilisha, ujue deni lako halisi. Mara nyingi ni dogo kuliko hofu yake. Pili, mpate mhasibu au wakili anayeijua kodi ya malazi ya eneo lako hasa, kwa sababu anayejua kodi ya mapato peke yake anaweza asiijue hii. Tatu, kupitia yeye, uliza masharti ya kujitokeza kabla ya kutaja jina lako; sehemu nyingine huruhusu hivyo. Nne, anza kukusanya ya leo leo. Usisubiri ya zamani iishe. Kila mgeni anayeingia usiku huu bila kodi anaongeza deni lile lile unalotaka kulimaliza.

Na kama tangu mwanzo ulikuwa sahihi, usikae kimya. Mwenyeji jirani yako huenda hajui. Fedha hizi zina kazi. Hawaii imepandisha kodi yake ya malazi kutoka asilimia 10.25 hadi 11 kuanzia Januari 2026, na nyongeza hiyo imetengwa kwa ajili ya mazingira na kujikinga na majanga, baada ya moto ulioteketeza mji wa Lahaina mwaka 2023. Wageni wanatumia maji, barabara, fukwe na zimamoto za mahali wanapolala. Mwenye hoteli anakusanya. Mwenyeji anayejua anakusanya. Asiyejua anawaachia majirani zake mzigo, kisha miaka mitatu baadaye unamrudia yeye pamoja na riba.

Mwenyekiti ameniruhusu kupokea maswali kwa saa nzima. Mwenye taarifa ya malipo ya jukwaa kwenye simu yake aifungue sasa, aje nayo mbele, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Aanze aliyekaribu.